Kopo la Kangomba na Siku ya Malipo

Mwezi Agosti mwaka 2008 mama yangu aliuza korosho ambazo zilikuwa bado maua mtini. Nilikuwa kidato cha kwanza, nimerudishwa nyumbani kwa mara ya pili kwa sababu ya ada. Ada ya shule ya kutwa wakati huo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Ukiongeza michango, viatu, na mfuko wa salfa wa kupulizia mikorosho ili ugonjwa wa ubwiri unga usiyale yale maua, mama alihitaji shilingi 60,000. Hakuwa na hata elfu tano.

Sisi ni watu wa Newala, juu ya nyanda za Wamakonde. Ukisimama ukingoni mwa mji unaiona Ruvuma chini kabisa na Msumbiji ng'ambo yake. Maji huku ni ya kununua kwa ndoo, na zao la fedha ni moja tu, korosho. Ina maana fedha huingia kijijini mara moja kwa mwaka, kuanzia Oktoba hadi Januari hivi, na miezi mingine yote watu huishi kwa kuikumbuka au kuisubiri.

Mnunuzi alikuwa jirani yetu. Alikuja jioni, akaamkiana na mama vizuri, akakaa kwenye mkeka, akanywa maji. Makubaliano yalichukua muda mfupi kuliko hayo maamkizi: shilingi 60,000 taslimu leo, makopo 200 ya korosho Novemba. Yaani shilingi 300 kwa kopo. Kopo lenyewe linahesabiwa kuwa ni kilo moja. Hiyo ndiyo kangomba, na kila mtu wa Kusini anaijua hata kama hajawahi kuiuza.

Novemba alikuja na kopo lake. Nililiangalia kwa karibu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nashika gunia. Lilikuwa kopo la bati la rangi ya zamani, na kitako chake kilikuwa kimegongwa kutokea ndani mpaka kikafura kwa nje kama tumbo. Alichota, akajaza mpaka kikatokea kichuguu juu, korosho zilizoanguka pembeni akazirudisha kwa kiganja, kisha akamimina. Mara 200. Mama alihesabu kwa vijiti. Usiku mjomba alichukua bakuli letu lililolingana na lile kopo, akalipeleka kwa mwenye duka aliyekuwa na mizani. Likasoma kilo moja na gramu mia tatu. Kwa hiyo makopo 200 yalikuwa kilo 260, magunia matatu na robo ya korosho kavu. Msimu ule chama chetu cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa kijiji, kililipa zaidi ya maradufu ya zile shilingi 300, tena kwa kilo halisi ya mizani.

Mjomba alitaka kwenda kumgombeza yule bwana. Mama alimzuia. Alisema, "Kaka, huyu alinipa pesa siku ambayo hakuna mwingine aliyenipa. Mwanangu yuko darasani." Mimi nilikuwa na miaka 14 na nilimchukia yule mtu kwa moyo wangu wote. Leo namwelewa zaidi, ingawa bado nasema ule ulikuwa wizi. Fedha hazikuwa zake, alipewa na mfanyabiashara wa mjini, na mvua ingeharibu maua angedaiwa yeye. Benki haikuwa na habari na mjane mwenye mikorosho 70. Chama kilikuwa na mnada, lakini mnada hauna msaada kwa mtu anayehitaji pesa Agosti.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa biashara, kabla sijasoma chochote. Bei ya korosho za mama haikupangwa na India wala na Mtwara. Ilipangwa na tofauti ya miezi mitatu, baina ya mtu anayeweza kusubiri na mtu asiyeweza.

Babu alikuwa akitusimulia mambo ambayo wakati ule niliyaona ya kale sana. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho na tulikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishiwa vijijini, mikorosho ikabaki mbali huko maporini, mtu anatembea saa mbili kwenda kupalilia. Bei ya mkulima ikawa ndogo mno, ubwiri unga ukaingia, wengine wakaacha kabisa kuokota. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba katika miaka hiyohiyo nchi ilikuwa inajenga viwanda 12 vya kubangua, kwa mikopo ya nje na mashine za kutoka Italia na Japani. Viwanda vilikamilika korosho zimekwisha. Vingi vikaja kuwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Babu alipenda kusema kwamba kiwanda hakioti kama mkorosho, ukitaka kifanye kazi anza kumlipa anayeokota.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2011, sikufaulu vya kutosha kuendelea, na msimu uliofuata nikapata kazi ya ukarani wa mizani katika chama cha msingi. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulikuwa umeshazoeleka, maana ulianza Mtwara msimu wa 2007/08. Mkulima analeta korosho chamani, zinapimwa na kupangwa daraja, zinapelekwa ghala kuu, stakabadhi inatolewa, halafu, miaka ile, wanunuzi waliandika bei zao kwenye barua zilizofungwa na kuziweka sandukuni. Siku ya mnada barua zilifunguliwa mbele ya wakulima. Ninaupenda utaratibu huu mpaka leo. Mara ya kwanza kumwona mzee wa kijijini kwetu akisimama mbele ya wanunuzi wenye magari na kusema "bei hii hapana," nilisisimkwa.

Lakini mnada huanzia kwenye mizani, na mizani yetu ilikuwa na kasoro. Kuna mzee alikuwa akileta mzigo wake kwa baiskeli. Kabla ya kupima alikuwa analinyanyua kila gunia kwa goti, anatulia kidogo, anataja kilo. Siku moja alisema 82, mizani ikasoma 79. La pili alisema 80, ikasoma 77. Hakupiga kelele. Alinitazama tu, akasema, "Mwanangu, goti langu lina miaka sitini, hii mizani ina miaka mingapi?" Sikulala usiku ule. Asubuhi nilikwenda kwa fundi mwashi nikaazima mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, wa kilo 50. Nikauweka juu ya mizani mbele ya mwenyekiti na wakulima kumi hivi. Ikasoma 48.

Sijui hadi leo kama kilikuwa kitu kimeharibika au kimeharibiwa, na viongozi walisema wameshtuka kama mimi. Nilichokiona baadaye ndicho ninachotaka kukieleza. Mizani ilibadilishwa, na mwenyekiti, kwa heshima yake, akaagiza ule mfuko wa saruji ukae palepale kila siku, mtu yeyote akitaka kujaribu ajaribu. Ndani ya wiki mbili tulianza kupokea korosho za watu wa kijiji cha jirani ambao walikuwa wakiuzia kangomba. Bei yetu haikupanda hata shilingi. Watu walikuja kwa sababu ya mfuko wa saruji.

Nimesoma siku hizi maandishi mengi kuhusu maendeleo ya nchi kama yetu, yanazungumzia mitaji, barabara, umeme, na yote hayo ni kweli. Ila nikiyasoma namkumbuka yule mzee na goti lake. Mkulima anayeamini kwamba katika kila gunia atapoteza kilo tatu hawezi kupalilia shamba la tatu. Hatanunua mfuko wa pili wa salfa. Atafanya kinachotosha kuishi, basi.

Na imani hiyo huvunjika haraka. Miaka ile malipo yalitolewa kwa awamu: malipo ya kwanza ukipeleka mzigo, malipo ya pili baada ya mnada, na mambo yakiwa mazuri sana yanakuja majaliwa, yaani malipo ya ziada. Awamu ya kwanza chama kilikopa benki, na riba ikakatwa kwa mkulima. Soko la dunia liliposhuka, malipo ya pili yakapungua au yakachelewa. Aprili 2013 kule Liwale hasira zililipuka, nyumba zikachomwa moto. Sisi Newala hatukuchoma kitu, lakini kwenye dirisha langu la ukarani nilikuwa napokea watu wanaouliza swali moja kila siku, wengine wametembea kilomita kumi. Swali halikuwa "bei gani?" Lilikuwa "lini?"

Kisha ikaja miaka ya neema. Korosho yetu ina bahati ya kalenda. Sisi tunavuna kuanzia Oktoba, wakati Afrika Magharibi wanavuna kuanzia Februari. Viwanda vya Kollam kule India na vya Vietnam mwisho wa mwaka huwa maghala yao yamepungua, na sehemu kubwa ya korosho ghafi mpya iliyopo sokoni ni yetu. Salfa ilisambazwa, miti ikazaa, na msimu wa 2017/18 mavuno yalizidi tani 300,000. Kwenye baadhi ya minada bei ya kilo ilipita shilingi 4,000. Malipo nayo yalikuwa yameanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya mkulima, kwa mkupuo mmoja.

Natamani mngekiona kijiji chetu mwaka ule. Watu wanapenda kusema pesa za korosho ziliishia kwenye bia na sherehe za unyago, na kweli zipo zilizoishia huko. Mimi niliyaona mengine. Nyasi ziliondoka kwenye mapaa, mabati yakaingia, na mabati yakaleta mafundi kutoka Masasi. Mafundi wanakula, kwa hiyo mama ntilie wakawa watatu. Mama ntilie wanahitaji maji, vijana wakanunua bodaboda za kubebea madumu. Fundi cherehani aliyekuwa anakaa barazani kwa mtu alipanga chumba chake, akaajiri msichana wa kushona vifungo. Mama alichimba kisima cha kuvunia maji ya mvua, cha saruji, kikubwa. Tangu siku hiyo hajanunua ndoo ya maji isipokuwa Septemba na Oktoba. Huo ndio ukuaji wa uchumi niliouona kwa macho yangu, na ulitoka kwenye mambo matatu yasiyo na ajabu: mizani sahihi, bei ya ushindani, na pesa iliyofika siku iliyoahidiwa.

Mwaka 2018 ulitufundisha upande wa pili. Minada ya kwanza ya Oktoba ilikuja na bei za chini mno ukilinganisha na mwaka uliotangulia, na wakulima walikataa. Nilikuwepo. Umati wote ulisema hapana kwa sauti moja, na hakuna aliyelazimishwa. Novemba hiyo Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kusomba. Watu walishangilia, nami nilishangilia, maana ilikuwa bei nzuri kuliko yoyote iliyokuwa mezani.

Halafu ukafuata uhakiki. Ilikuwa lazima ijulikane nani ana shamba na nani ni kangomba, na nia hiyo niliiunga mkono kabisa kwa sababu ya kumbukumbu ya lile kopo. Lakini uhakiki unachukua muda, na wakati huo pesa haitembei. Krismasi ikapita. Januari shule zikafunguliwa. Yule fundi cherehani alikuwa ameshakopa vitambaa kwa ajili ya sare, akashona, zikaning'inia ukutani kwake hadi Machi, kwa sababu wazazi hawakuwa wamelipwa. Msichana wake akarudi kwao. Mama ntilie wawili wakafunga. Vijana wawili wa bodaboda walinyang'anywa pikipiki kwa kushindwa marejesho. Waliolipwa mwishoni kwa korosho za daraja la kwanza walilipwa ile 3,300 kamili, na bado ninaamini kwamba wengi wao wangekuwa na maisha bora kwa bei ndogo kidogo iliyolipwa Novemba. Najua wapo watakaonipinga, hasa waliokuwa na tani nyingi. Mwenye tani kumi anaweza kusubiri. Mwenye gunia nne, msimu wake unaisha siku anayoamua kukopa.

Na ndiyo, kangomba ilirudi, kimyakimya, usiku. Ukiichelewesha pesa halali, pesa ya haraka inapata wateja.

Mimi niliacha ukarani mwaka 2019. Pamoja na wanawake wengine 14 tulianzisha kikundi cha kubangua. Sababu yangu ilikuwa hesabu rahisi. Sehemu kubwa sana ya korosho yetu inasafirishwa ghafi, ikiwa na ganda lake. Kazi ya kuibangua, kuimenya, kuipanga na kuifungasha, ambayo ni ajira ya maelfu ya wanawake, inafanyika Kollam na Vietnam. Kisha Mtanzania anaikuta kwenye duka la uwanja wa ndege.

Kubangua ni kazi ngumu. Ganda lina mafuta yanayounguza ngozi, ukikosa glovu unapaka majivu na bado vidole vinababuka. Kilo tano za korosho ghafi zinakupa kilo moja hivi ya korosho safi, na zikikatika katikati bei inashuka. Tulijifunza kuzianika vizuri, kuzichemsha kwa mvuke, kukata kwa kibangulio cha mkono bila kuivunja punje. Tulijifunza pia kuzikagua kama wanunuzi wakubwa wanavyokagua: unakata sampuli, unapima punje nzuri, unajua gunia la kilo 80 litatoa ratili ngapi. Siku ya kwanza tulipokata sampuli ya shamba la mama nilijisikia fahari. Zilikuwa nzuri sana.

Kilichotukwamisha kilinishangaza, kwamba tulizungukwa na mikorosho na hatukuwa na korosho. Kwenye mnada mzigo unauzwa kwa tani nyingi kwa pamoja, nasi tulihitaji tani mbili. Kununua kwa jirani moja kwa moja hairuhusiwi, kwa sababu sheria inayomlinda jirani dhidi ya kopo haiwezi kujua kwamba sisi tuna mizani. Sikuilaumu sheria. Tuliandika barua, tukafuatilia ofisi kwa ofisi karibu miezi mitano, mwisho tukaruhusiwa kununua tani mbili kupitia chama kwa bei ya mnada. Hapo likaibuka tatizo la pili. Korosho za mwaka mzima zinanunuliwa Novemba, lakini punje unaziuza kidogokidogo hadi Oktoba inayofuata. Mtaji wako wote unalala kwenye magunia. Kiwanda cha India kina benki nyuma yake inayokubali kusubiri miezi 12, kwa riba ndogo kuliko tunazoambiwa sisi. Ile hali ya mama ya Agosti 2008 nimeikuta tena, mara hii nikiwa upande wa kiwanda.

Tunaendelea. Tulianza na tani mbili, sasa tunabangua tano. Kikundi kina kikoba chake cha kuweka na kukopa, tunaweka hisa kila Ijumaa. Minada nayo imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Oktoba 2024 kwenye minada ya mwanzo bei ilivuka tena shilingi 4,000, na msimu huo nchi ilivuna zaidi ya tani 500,000. Mama, ambaye sasa macho yamepungua nguvu, alitaka asomewe bei zote zilizowekwa, hata zile zilizoshindwa. Nilipomaliza aliuliza siku ya malipo.

Agosti iliyopita alikuja mama mmoja kijana, jirani yetu, ana watoto wawili. Ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa mwaka 2016, lakini sare, daftari na viatu havikufutwa, na mashine yake ya kupulizia ilikuwa imeharibika huku mikorosho imejaa maua. Alikaa kwenye mkeka uleule wa nyumbani kwetu. Aliniamkia, tukaongea habari za watoto, kisha akainamisha kichwa akasema, "Dada, nimesikia nyie mna pesa kidogo. Naomba shilingi 80,000, Novemba nitakuletea makopo."

Hakuona kitu cha ajabu katika alichosema, ndivyo watu wanavyokopa. Nilinyanyuka nikaenda kuleta daftari la kikoba. Nikaandika jina lake, shilingi 80,000, riba ya asilimia kumi kama mwanachama yeyote, arejeshe wiki moja baada ya malipo ya mnada wa pili. Akasaini. Alipokuwa anatoka akageuka mlangoni, akauliza kama aanze kunitengea gunia pembeni. Nikamwambia gunia alipeleke chamani, mimi aniletee pesa.